Ukumbusho wa wafanyakazi 53 wa kiwanda cha BSA waliouawa kwa mabomu: maswali mnayoniuliza kila siku hapa kijiweni

Mi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Chikongola, Mtwara mjini. Ukutani juu ya pampu nimebandika karatasi imeandikwa "BSA, Birmingham, 19 Novemba 1940, wafanyakazi 53", na kila anayekuja kuziba pancha akishakaa kwenye benchi anaisoma alafu anaanza kuuliza. Nimejibu sana nikiwa na mikono imejaa grisi, na mara nyingi mteja anaondoka stori ipo katikati, kwa hiyo nimeona niyaandike majibu yote sehemu moja, mtu asome kwa nafasi yake.

BSA si baiskeli tu? Ukumbusho wa nini tena?

Baiskeli ndiyo, ila angalia vizuri ile nembo ya mbele chini ya usukani kwenye BSA za zamani. Pale pana bunduki tatu zimesimamishwa, zimeegemeana. Mi nimeiona toka mtoto kwenye baiskeli ya babu na nilikuwa nadhani ni vijiti vya kuanikia samaki, mpaka siku nimeisugua kwa mafuta ya taa na brashi ndo mitutu ikatokea. BSA ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza, ukiyatafsiri unapata silaha ndogo za Birmingham. Ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji huo walioamua kuungana, wakajenga kiwanda sehemu inaitwa Small Heath. Baiskeli zilikuja baadaye, kuanzia miaka ya 1880, pikipiki mwaka 1910. Yaani mtu anayekereza mtutu wa bunduki anajua kukereza chuma chochote, ndo maana zile baiskeli hazifi.

Sasa usiku huo kulitokea nini?

Vita ya pili ya dunia, mwaka 1940. Ufaransa ilikuwa imeshaanguka mwezi Juni, jeshi la Uingereza lilirudi kwao kupitia Dunkirk, pwani ya Ufaransa, limeacha silaha nyingi ufukweni na barabarani, kwa hiyo kila bunduki iliyokuwa inatoka kiwandani ilikuwa na mtu anaisubiri. Na BSA walikuwa wanatengeneza bunduki za askari wa miguu pamoja na zile rashasha za Browning zilizofungwa kwenye mabawa ya ndege za Spitfire na Hurricane. Wajerumani walikuwa wanalijua hilo kiwanda vizuri kabisa.

Walianza kulipiga tarehe 26 Agosti 1940. Bomu moja kubwa na mvua ya mabomu ya kuchoma moto yaliangukia karakana ya mitutu, na ile karakana ndo pekee nchini kwao iliyokuwa inatoa mitutu ya bunduki za jeshi, zikateketea mashine 750 ila siku hiyo hakufa mtu. Novemba ndo ikawa mbaya. Tarehe 14 mji wa jirani wa Coventry ulichomwa usiku kucha, BSA nayo ikapigwa tena, alafu tarehe 19 usiku, shifti ya usiku ipo kazini, ndo yakaangukia jengo la ghorofa 4 lililojengwa mwaka 1915 na majengo ya karibu yake, hata lile la mafundi wa kwanza la mwaka 1863.

Mnaofanya kazi na mashine mtanielewa haraka. Mashine ya kukereza chuma haibebwi na watu wawili, ile ni chuma tupu, na kwenye jengo hilo zilikuwa zimepangwa sakafu juu ya sakafu. Sakafu ya juu ikikatika haishuki peke yake, inashuka na mashine zake, inaikuta ya chini nayo ina mashine zake. Mamia ya watu walinasa. Walikufa 53, wakaumia 89, na kati ya hao 30 waliumia vibaya. Mashine kama 1,600 ziliharibika kwenye mashambulizi ya Novemba na utengenezaji wa bunduki ukasimama miezi mitatu.

Kwa nini walikuwa kazini wakati ving'ora vinalia? Si wangekimbilia mahandaki?

Hili huwa naulizwa na kina mama wanaobangua korosho, kwa sababu wanaijua shifti ya usiku. Mwanzoni mwa vita king'ora kikilia viwanda vyote vilikuwa vinasimama, watu wanashuka kujificha. Ila ndege zikawa zinakuja karibu kila usiku, na mara nyingi zinapita tu zinaelekea mji mwingine, kazi ikawa hailali wala haiendi. Ndo kuanzia mwezi wa tisa 1940 viwanda vya vita vikaanza utaratibu wa kuweka walinzi juu ya paa: king'ora kinalia, watu wanaendelea na kazi, mlinzi akiona ndege zimeelekea kwao kabisa ndo anatoa ishara watu washuke. Ukifikiria hiyo hesabu, ni dakika chache sana kati ya uhai na kufa, na mwenye kuihesabu ni mtu mmoja amesimama juu gizani.

Hakuna aliyewaokoa?

Walikuwepo, na waliotajwa zaidi ni mafundi umeme wawili wa shifti hiyohiyo ya usiku, wote wanaitwa Alf. Alf Stevens na Alf Goodwin. Hawakutumwa na jeshi wala hawakuwa zimamoto, walikuwa watu wa nyaya na swichi, wakaingia kuwatoa wenzao mabomu yakiwa bado yanashuka. Stevens alipewa Medali ya George, ambayo mfalme wao alikuwa ameianzisha miezi miwili tu kabla kwa ajili ya ushujaa wa namna hiyo, na Goodwin akapewa Medali ya Dola ya Uingereza. Alafu kuna kundi lingine ambalo mi huwa naliwaza zaidi, wale wafanyakazi wa kikosi cha ulinzi wa kiwanda walioitwa baadaye kutafuta miili na kuondoa kifusi ili kazi ianze tena. Unamtafuta mtu uliyekuwa unakula naye, na huku mashine inasubiri.

Ukumbusho wenyewe uko wapi?

Uko palepale Small Heath, Birmingham, eneo kilipokuwa kiwanda. Ni wa hao 53.

Hao si walikuwa wanatengeneza bunduki za mkoloni? Mbona unawalilia?

Swali zuri na aliyeniuliza mara ya kwanza alikuwa mzee mmoja wa Mikindani ambaye namheshimu sana, nilimjibu hivi: shikamoo babu, bunduki zile zilimzuia Hitler, na kama Hitler angeshinda sijui Mjerumani angeturudia na sura gani, tunamkumbuka tangu Majimaji. Hilo moja. La pili, mwaka 1940 Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza ni kweli, na vijana wetu zaidi ya 80,000 walipita kwenye jeshi lake katika vita hiyo, wakaenda Ethiopia, Madagaska mpaka Burma, ndo wale tunaowaita Keya, na begani walibeba bunduki ya Lee-Enfield ambayo BSA walitengeneza zaidi ya milioni moja vita nzima. Kijana wa Newala yupo msituni Burma na mtu wa Small Heath yupo kwenye mashine, hawajuani, na chuma ni kilekile kimoja.

La tatu ndo langu mwenyewe. Aliyekufa pale hakuwa mwenye kampuni. Alikuwa mtu wa mshahara wa wiki, ameaga nyumbani jioni amebeba chakula chake, kama anavyoaga mtu wa bandarini hapa kwetu akiingia shifti. Mi namlilia huyo.

Ni BSA peke yao waliopata msiba wa hivyo?

Hapana. Mwaka huohuo tarehe 4 Septemba kiwanda cha ndege cha Vickers pale Weybridge kilipigwa mchana, wakafa wafanyakazi zaidi ya 80. Tarehe 3 Oktoba kiwanda cha de Havilland mji wa Hatfield, ndege moja tu ya Kijerumani, wafanyakazi 21. Na upande wa pili pia, tarehe 6 Desemba 1942 ndege za Uingereza zenyewe zilipiga viwanda vya Philips pale Eindhoven, Uholanzi, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamevikamata, na raia wa Kiholanzi zaidi ya 100 walikufa mikononi mwa waliokuja kuwakomboa. Bomu likishaachiwa halichagui.

Majina yao yalihifadhiwaje? Kwani na raia nao waliandikwa?

Waliandikwa, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo sababu ya karatasi yangu ukutani.

Uingereza ina tume ya makaburi ya vita, kazi yake toka vita ya kwanza ni askari waliokufa. Kwenye vita ya pili wakaona raia nao wanakufa kwa mabomu, wakaamua nao waandikwe. Wakakusanya majina kama 67,000, yakawekwa kwenye vitabu saba, na vitabu hivyo viko kwenye kanisa la Westminster Abbey, London. Kila siku ukurasa mmoja unafunuliwa. Kila mtu ameandikwa mstari wake: jina, umri, alikuwa anakaa mtaa gani, mke wa nani au mtoto wa nani, na alifia wapi. Hapakuandikwa cheo kikubwa. Ni anwani ya nyumba, jina la baba, sehemu aliyofia, basi, na ukisoma mistari mitatu tu unaanza kuona meza ya chakula ina nafasi moja wazi.

Na wetu je?

Ndugu zangu, hapa ndo panauma.

Vita ya kwanza ya dunia ilifika mpaka kusini kwetu. Mwaka 1917 Waingereza walitokea Lindi wakawa wanasukuma jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuelekea bara, na mwezi wa kumi, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, wakapigana Mahiwa pale karibu na Nyangao, moja ya vita mbaya kuliko zote Afrika Mashariki, alafu mwezi uliofuata Lettow akavuka Ruvuma. Ile barabara ya Masasi mnayopita na basi huku mmelala, mizigo yote ya jeshi ilipita maeneo yale kichwani mwa watu. Hapakuwa na magari ya kutosha na wanyama walikuwa wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo walikamatwa wachukuzi. Kwa upande wa Mwingereza peke yake wanahesabiwa waliokufa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoka. Upande wa Mjerumani nao walikamata watu vijijini, hesabu yao ndo haikuwekwa kabisa.

Majina? Nenda Dar es Salaam pale Samora, sanamu ya Askari ya mwaka 1927, ina maneno ya Kiswahili yanayowataja wachukuzi kuwa ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri. Ila hakuna jina hata moja la mchukuzi. Na mwezi Aprili 2021 tume hiyohiyo ya makaburi ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika wa mashariki na watu wa Misri, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Sasa weka hivi viwili pamoja. Ofisi moja. Fundi wa Birmingham aliandikwa mpaka namba ya nyumba yake, Mmwera aliyebeba sanduku la risasi kutoka Lindi hakuandikwa hata jina lake la kwanza. Fundi wa Birmingham sina kinyongo naye, alistahili kila herufi. Ninachosema ni kwamba inawezekana. Mtu akisema haiwezekani kuandika watu maelfu mwonyesheni vile vitabu saba.

Na imeanza kufanyika. Januari 2025 pale Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa wafanyakazi wa jeshi weusi wa Afrika Kusini waliokufa vita ya kwanza, majina zaidi ya 1,700, kila mtu ana nguzo yake ya mbao imeandikwa jina. Karne imepita, na yamepatikana.

Lakini Naliendele si wapo?

Wapo, pale kwenye makaburi ya Naliendele hapa Mtwara, na kila nikipita napunguza mwendo. Wale ni wanajeshi wetu wa JWTZ waliokufa Msumbiji, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa zima linawakumbuka. Naliendele wanatunzwa vizuri. Swali langu ni la raia aliyekufa kazini.

Mbona unalishikilia sana hili la majina? Una nini?

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa kibarua kwenye ghala la korosho. Msimu ulikuwa umechanganya, magari yamepanga foleni nje, magunia yamepangwa juu kuliko kawaida. Rundo likamuangukia. Gunia moja la korosho ni kilo 80 na zaidi, mwenye kubeba anajua. Alifika hospitali ameshakata roho. Kampuni siitaji na sina kesi nayo leo, walitoa sanda na usafiri wa kwenda kijijini na bahasha, wakaja watu wawili msibani. Ila baada ya arobaini nilienda kuulizia malipo yake ya wiki ya mwisho, karani akafungua daftari la vibarua, akapitisha kidole chini mara mbili, akasema hayumo. Kwenye daftari waliandika namba. Yeye alikuwa 31. Na ile 31 tayari alikuwa amepewa mtu mwingine.

Kile kidole kikipita kwenye ile karatasi mi sijakisahau. Ndo maana nilipokuja kusoma habari za BSA na nikakuta watu wameandikwa mpaka mtaa wao, niliweka simu chini nikakaa kimya kidogo.

Kampuni ya hapa kwetu ikitaka kuweka ukumbusho wa wafanyakazi wake waliofia kazini, ianzie wapi?

Nimeulizwa hili na kijana mmoja wa ofisi ya utumishi, na nilifurahi sana. Namjibu na wengine humuhumu.

Anza na familia kabla ya fundi wa mawe. Nenda nyumbani, kaa chini, uliza jina linaandikwaje, maana majina yetu ya Kimakonde na Kimakua yanaharibiwa sana na makarani, mtu anazaliwa na jina moja anakufa na jingine. Andika jina lake, la baba yake, na kijiji chake. Uliza pia kama wanataka, wapo wanaoona jina la maiti wao ukutani getini ni kama kukitonesha kidonda, waheshimiwe. Dua au misa pangeni pamoja nao, na kama wamo wa dini zote mbili basi shehe na padri wote waitwe.

Vibarua wawemo. Hapa ndo nitaanza ugomvi na mtu. Aliyekufa siku yake ya kwanza kazini na aliyekufa na miaka 20 kazini wanaandikwa herufi za ukubwa mmoja, na wapangwe kwa alfabeti, msianze na mameneja.

Kuhusu vifaa sikilizeni fundi: Mtwara hii ina chumvi hewani. Bati na chuma cha kawaida kitaanza kutoa kutu mwaka wa kwanza, mi naona spoki mpya zinavyoliwa. Shaba nayo ni nzuri lakini wauza vyuma chakavu hawatailaza. Wekeni jiwe, matale au marumaru nene, na herufi zichongwe ndani ya jiwe, zisipakwe rangi juu tu, rangi ikibanduka jina linabaki. Paweke pale wafanyakazi wanapopita kuingia shifti, na pawe na kivuli. Siku ya kuzindua, kama hakuna tarehe ya tukio lenyewe, ipo 28 Aprili, siku ya usalama na afya mahali pa kazi, siku tatu kabla ya Mei Mosi.

Alafu jiwe lisichukue nafasi ya haki. Michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ilipwe kwa kila mtu, daftari liandikwe majina. Ukifanya jiwe na huku daftari bado lina namba, familia watajua.

Kampuni ikifa, ukumbusho unabaki na nani?

BSA yenyewe ilikufa. Baiskeli waliiuzia kampuni ya Raleigh mwaka 1957, pikipiki zikaanguka mwaka 1973, na majengo ya Small Heath mengi yakabomolewa miaka ya 1970 hiyohiyo. Jina la BSA kwenye baiskeli liliendelea India, ndo maana mnaniletea BSA ambazo si za Birmingham. Kampuni haipo, kiwanda hakipo, na wale 53 bado wanakumbukwa pale mtaani kwao. Kwa hiyo jibu langu ni mtaa. Mkiweka ukumbusho wenu shirikisheni serikali ya mtaa na shule ya karibu toka siku ya kwanza.

Hiyo baiskeli ya babu ipo bado?

Ipo, inaning'inia ndani nyuma ya matairi. Aliinunua Lindi kwa Mhindi wakati ule wa kujenga bandari yetu, ile iliyofunguliwa mwaka 1954, alikuwa anapiga zege pale. Fremu ni yake, usukani ni wake, nembo ni yake, tairi na mnyororo nimebadilisha. Haiuzwi, msiniulize tena bei. Mnaotaka kuona zile bunduki tatu njooni jioni baada ya alasiri, jua linaingia mlangoni na nembo inaonekana vizuri. Na kwenye madigadi ya nyuma mtaona nimeandika kwa rangi nyeupe, herufi ndogo: jina la mjomba, la baba yake, na Nanyamba.